Maharage ya Mama Mkubwa na Insha Zetu

Mwaka juzi niliandika insha juu ya mama mkubwa, dada wa mama yangu, yeye aliyenilea. Baadhi yenu mliisoma humu humu. Ndani yake kulikuwa na mama mzee anayekaa mlangoni kila jioni, huku chini Cyangugu karibu na ziwa, akitazama taa za Bukavu ng'ambo na kupangusa machozi kwa ncha ya kikwembe. Watu waliipenda. Mgeni mmoja aliomba nakala mbili, moja apeleke kwao. Nami nikajisikia mwandishi.

Wiki moja baadaye nilimsomea mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Akaondoa chai kwenye babula, akamimina vikombe viwili, ndipo akauliza:

"Sasa uyu mama hanaka hata jioni moja?"

Sikuelewa. Nikamwambia mbona jioni ndiyo hiyo, insha nzima ni jioni tupu.

"Hapana. Ile iko jioni ya muntu mwenye anangojea kufa. Miye pale nachaguaka maharage. Na taa zenye naangaliaka ni za bavuvi. Za Bukavu hazitembeaka."

Basi. Insha iliyosifiwa ilikuwa na makosa mawili ya ukweli katika sentensi yake ya kwanza: mikono ya mama mkubwa ilikuwa inafanya kazi ambayo sikuiandika, na macho yake yalikuwa yanatazama mahali ambapo sikupaona. Na mimi ninalala chumba kimoja naye, kimegawanywa kwa pazia tu. Mwandishi aliyetoka mbali angesamehewa.

Tangu siku hiyo nimezisoma upya insha zetu za matoleo yaliyopita, nikianza na zangu. Nilitafuta kitu kimoja tu: ni wapi mtu anafanya jambo kwa sababu linampendeza, bila faida, bila sherehe, bila machozi. Nilipata kidogo sana. Tunapika, lakini ni kupika chakula ambacho hakitoshi. Tunaimba, lakini ni kanisani au kwenye Siku ya Wakimbizi ya tarehe 20 Juni. Tunakaa, na kukaa kwetu siku zote kunaitwa kungoja. Ukimchukua mtu kutoka kwenye insha zetu ukamweka sokoni Kamembe, hatajua anunue nini, maana hakuna mahali tulipoandika anapenda nini.

Kwa nini? Nina jibu langu, na wale mliopita njia ile mtaniambia kama nimekosea.

Sisi tulivuka Rusizi ya Kwanza mwaka 2004, wakati wa vita vya Bukavu vya Mei na Juni. Nilikuwa na miaka tisa. Tulifikia kituo cha Nyagatare (Nyagatare ya hapa Rusizi, wageni msichanganye na ile ya mashariki upande wa Uganda), baadaye tukapelekwa Kiziba. Na kila tulipofika tuliulizwa. Ulitoka wapi. Lini. Nani alikufukuza. Umempoteza nani. Kwa nini huwezi kurudi. Nilimsikia mama mkubwa akijibu maswali hayo mara nyingi kuliko nilivyosikia hadithi yoyote ya sungura. Mpangilio ule uliniingia kichwani kabla ya mpangilio wa insha tuliofundishwa shuleni, na nadhani haukuniingia peke yangu. Angalieni insha zetu: aya ya kwanza kijiji, ya pili usiku wa kukimbia, ya tatu aliyekufa, ya nne hema, ya tano matumaini. Ni mahojiano yaliyoondolewa maswali.

Sisemi maswali yale ni mabaya. Afisa anatafuta kile sheria inachomwambia atafute. Mkataba wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yake, hofu iliyo na msingi, na hauna haja ya kujua jioni anafanya nini. Karatasi ile imetulinda. Lakini hakuna sheria iliyotuambia tujiandike sisi kwa sisi hivyo hivyo, ndani ya kijitabu chetu wenyewe tunachokikunja na kukibana kwa mikono yetu.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ngumu zaidi kuisema mbele ya wasomaji wetu wa mashirika. Nitaisema tu.

Mei 2021 msaada wa chakula katika kambi za Rwanda ulianza kutolewa kwa makundi, kulingana na hali ya kila nyumba: wenye shida sana, wenye shida kiasi, na wale wanaoonekana wanaweza kujitegemea. Hesabu ilikuwa na sababu zake, fedha zilikuwa zimepungua. Sasa, Kiziba nzima ilikuwa inajiuliza wanapimaje. Uvumi ukatembea. Eti wanaangalia viatu. Eti wanaangalia kama una redio. Eti wanaangalia hata unavyokaa. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, na ninyi mnaofanya kazi hizo mtaniambia hakuna, nami nakubali. Ila uvumi hauombi kibali getini.

Mama mkubwa alikuwa na vikopo vyake vitano vya maziwa ya unga, vitupu, amevipanga juu ya ukuta mfupi nje ya mlango. Asubuhi moja akaviingiza ndani na kuvisukuma chini ya kitanda, akavifunika na blanketi. Nilidhani anaogopa wezi. Nani aibe vikopo vitupu? Alivificha kama mtu anayeficha televisheni. Vilikaa chini ya kitanda majuma kadhaa, na muda huo wote jioni alikaa nje mikono imelala mapajani, sura ya kutosha picha yoyote. Ndiyo sura niliyokuja kuiandika baadaye. Sikujua kwamba ninaandika maigizo.

Ndiyo maana naona jambo hili si dogo, ingawa ni la maharage. Tumejifunza kwamba anayefurahi anaonekana ameshiba. Tukaja kuandika, tukafanya vile vile: tukavisukuma vikopo chini ya kitanda.

Sasa niseme juu ya vitabu, maana hii ni safu ya uhakiki na mhariri atanidai.

Kitabu kilichonionyesha kosa langu ni La Femme aux pieds nus cha Scholastique Mukasonga, kilichotoka 2008. Ni mwandishi wa Rwanda anayeandika kwa Kifaransa. Mwaka 1960, akiwa mtoto, familia yake iliondolewa kwao na kupelekwa Nyamata, Bugesera, pamoja na Watutsi wengine wengi waliofukuzwa makwao. Hawakuvuka mpaka wowote, lakini maisha yale tunayajua: nyumba za kupewa, ardhi usiyoichagua, wanajeshi wanaoingia wakitaka. Mama yake, Stefania, aliuawa 1994 pamoja na karibu jamaa wote. Mtu mwenye haki ya kuandika kitabu cha machozi kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ndiye huyo. Na hofu imo. Stefania anatafutia watoto wake maficho, anawafanyisha mazoezi ya kukimbia. Kitabu chenyewe kinaanza na jambo zito: mama aliwaomba mabinti zake wamfunike mwili wake atakapokufa, na binti hakuwepo kumfunika.

Halafu angalia anachofanya. Sura moja ni ya nyumba: Stefania hapendi nyumba waliyopewa, anataka nyumba ya nyasi ya zamani, ya mviringo, na anaipata. Sura nyingine ni ya mtama. Nyingine ni ya mkate! Kuna mambo ya urembo, ya kutafuta wachumba, ya hadithi za usiku. Mukasonga haombi radhi kwa kupoteza kurasa juu ya mtama katika kitabu cha watu watakaouawa. Anajua kwamba waliokufa walikuwa watu wenye shamba wanalolipenda, na kwamba ukiwaondolea shamba lile umebaki na hesabu ya maiti. Niliposoma sura ya mtama nilifunga kitabu nikatazama pazia. Upande wa pili nilisikia maharage yakidondoka kwenye kopo.

Lakini nina neno naye pia. Raha zote za Stefania zina kibali. Nyumba ya mviringo ni mila, mtama ni mila, hadithi ni mila. Mara nyingine Mukasonga anaeleza kama anayemtembeza mgeni wa Ufaransa ndani ya makumbusho, na mgeni anatikisa kichwa, kwa sababu mila ni kitu kinachoheshimiwa hata na asiyetuheshimu. Maharage ya mama mkubwa hayamo katika mila ya kabila lolote. Hakuna makumbusho yatakayovitaka vikopo vile. Ningependa kuona Mukasonga angefanya nini na jambo la mama yake lisilo la mtu mwingine yeyote, jambo la kipuuzi kabisa. Labda lilikuwepo. Binti alikuwa mdogo, labda hakuliona. Mimi nilikuwa mkubwa na sikuliona.

Kitabu cha pili ni By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, wa Zanzibar, yule aliyepewa Nobel 2021. Ni cha 2001. Nilikisoma kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, kamusi pembeni. Mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, na katika mzigo wake mdogo ana kasha la udi. Afisa wa uhamiaji anaukagua mzigo, anaufungua udi, anaunusa, na mwishowe anabaki nao. Kila aliyewahi kufunguliwa begi mpakani atasoma kurasa zile taratibu. Afisa haoni kwamba ameiba. Katika fomu yake hakuna mahali pa kuandika harufu.

Ni kurasa bora kuliko chochote nilichosoma juu ya mkimbizi na afisa. Hata hivyo udi wa Gurnah nao unafanya kazi nyingi. Una historia ndefu ya wafanyabiashara, urafiki na udanganyifu, na hadithi kubwa inauzunguka. Tunaufahamu zaidi baada ya kunyang'anywa. Ningetamani ukurasa mmoja tu wa mzee yule akiwa peke yake dukani mwake zamani, ameweka kipande juu ya kaa la moto, na hakuna kinachofuata.

Najua, ninamdai mtu wa Nobel. Jamani, kudai ni bure.

Kuna maandishi ya aina ya tatu, na haya tunayajua kuliko vitabu: yale ya kwenye mabango na ripoti. Hayaogopi furaha hata kidogo. Yanaipenda mno. Kule Kiziba uliwahi kuja mradi wa kufuma vitambaa. Ulikuwa mzuri kwa aliyetaka franga, na wapo waliolipia watoto madaftari kwa vitambaa vile. Mama mkubwa alikwenda majuma mawili. Siku ya picha waliambiwa watabasamu, akatabasamu, na chini ya picha ikaandikwa habari ya ustahimilivu. Hakurudi. Nilipomuuliza alisema, "Pale tunachekaka juu ya picha." Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaeleza tu mpangilio wa kazi.

Mtaona kwamba insha zetu na yale mabango, ingawa moja linalia na lingine linacheka, vinafanana. Kote furaha imeitwa kutoa ushahidi. Kwetu sisi inafichwa isiharibu kesi. Kwenye bango inaitwa mbele ithibitishe kwamba mradi umefaulu. Hakuna anayeiacha ikae.

Basi niiandike, nione kama naweza.

Saa kumi jioni, jua likiwa limeshuka vya kutosha kupita chini ya bati, mama mkubwa anatoa ungo. Maharage ya sokoni Kamembe ni mchanganyiko, kama yalivyo mengi ya Rwanda na ya kwetu Kivu, kwa sababu wakulima wanapanda aina nyingi shamba moja: mvua ikiharibu hii, ile itapona. Anamimina kama kilo moja. Kwanza anaondoa mawe, vipande vya udongo, na yale yaliyotobolewa na wadudu. Hapo ni kazi, kila mama anaifanya, na mama mkubwa anaifanya haraka, karibu kwa hasira.

Halafu anapumzika kidogo. Anasogeza kiti. Anapanga vikopo. Na anaanza kuchagua tena, safari hii kwa rangi.

Mekundu. Ya njano. Meusi. Ya madoadoa. Meupe. Hachoti mengi. Anaburuta moja moja kwa kidole cha kati mpaka ukingoni mwa ungo, linaanguka lenyewe ndani ya kopo. Mwanzoni sauti ni kali, bati tupu, baadaye inalainika kadiri kopo linavyojaa. Meupe ni machache na anayaacha mwisho, kama mtoto anayeacha kipande cha nyama pembeni ya bukari. Redio huwa imewashwa kwa sauti ya chini. Habari zikianza anaizima, zikiisha anaiwasha, na sijawahi kujua anazijuaje dakika. Haongei. Ukimsalimia anaitika vizuri, lakini hajakuangalia. Uso wake wakati huo si wa huzuni wala wa furaha ile ya meno. Ni uso wa mtu anayesoma.

Akimaliza anatikisa kila kopo karibu na sikio. Anavitazama vyote vitano, kama dakika moja hivi. Kisha anavimimina vyote ndani ya sufuria moja, mekundu na ya njano na yote, anatia maji, anayaloweka kwa kesho.

Nilimuuliza, "Sasa ulichagua ya nini?"

"Ya kuchagua."

Katika rasimu yangu ya kwanza, hapa palikuwa na aya juu ya watu wa Maziwa Makuu, kwamba sisi ni kama maharage yale, tumetenganishwa kwa rangi na tutachanganywa tena katika sufuria moja. Niliiona nzuri sana. Niliiacha siku tatu, nikaifuta. Ilikuwa ni vikopo chini ya kitanda kwa njia nyingine: maharage hayaruhusiwi kuwa maharage mpaka yaseme jambo juu ya vita. Nawaomba wenzangu mnaoandika mashairi muangalie ugonjwa huu. Tunao wote.

Kitu kilichonishangaza zaidi nilikipata siku moja ya mvua. Mama mkubwa alimaliza kuchagua, akavitazama vikopo, akatoa sauti ya ulimi. "Leo sikuchagua muzuri." Nikatazama. Mekundu yalikuwa mekundu, meusi yalikuwa meusi. Sikuona kosa. Akanionyesha: mwanga ulikuwa mbaya, akachanganya ya njano mbivu na yale yanayokaribia kahawia, na haraka zilimwingia katikati. Kumbe kuna kuchagua vizuri na kuchagua vibaya, na yeye anajua tofauti, na tofauti hiyo haimhusu mtu yeyote duniani wala haibadilishi ladha ya chakula. Hapo ndipo nilipoona kwamba mhakiki ana kazi. Palipo na kufanya vizuri na kufanya vibaya, pana kitu cha kuhakiki. Tatizo la insha yangu ya mwaka juzi halikuwa kwamba ilikuwa na huzuni nyingi. Ilikuwa imemnyima mama mkubwa ufundi wake, ikamwachia mateso, ambayo yeye hakuyachagua na hayana ufundi wowote.

Ndivyo ilivyo hata kwa igisoro, na hapa nitapita haraka. Nyagatare wanaume walichimba mashimo chini ya mti, safu nne za mashimo nane nane, kete sitini na nne. Wageni walipiga picha nyingi pale. Kila picha ya namna hiyo niliyowahi kuona inasema kitu kimoja: wakimbizi wanangoja. Lakini mtu aliyekaa kwenye igisoro hangoji. Anahesabu. Anapanda kete shimo kwa shimo, anatafuta kete yake ya mwisho iangukie wapi ili achukue za mashimo mawili ya mwenzake yanayomtazama, na akikosea kwa moja amekwisha. Mle uwanjani kulikuwa na wachezaji wabovu na kulikuwa na mmoja ambaye watu walikuja kutoka upande wa pili wa kituo kumwangalia mkono. Nani ameandika juu ya mkono ule? Tumeandika juu ya mti.

Nirudi ziwani, maana bado nina deni la taa.

Jua likizama wavuvi wa sambaza wanatoka. Mitumbwi inakwenda mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, na taa za kuwavuta samaki usiku. Sambaza mwenyewe si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akakaa, akazaa, na leo hakuna anayemuuliza karatasi. (Hii nayo ilitaka kuwa mfano. Nimeikata hapo.) Wavuvi wanapiga makasia kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kasia linaingia majini kwenye kiitikio. Kutoka mlangoni kwetu maneno hayasikiki vizuri. Zinasikika sauti, na taa zinasogea.

Mama mkubwa wakati huo amemaliza maharage. Anakaa dakika kumi, labda kumi na tano, anasikiliza. Na ni mhakiki mkali kuliko mimi. "Bale ba leo banaimba kama benye kulipwa," aliniambia jioni moja. Siku nyingine alinyamaza muda mrefu, akasema tu kwamba yule anayeanzisha amebadilishwa, na huyu mpya ana kifua lakini hana subira, anawaingilia wenzake kabla hawajamaliza. Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Jioni zote zile nilikuwa nimeketi pale pale na daftari, nikitafuta neno la kuelezea Bukavu.

Kila mwaka ziwa linafungwa kama miezi miwili ili samaki wazaliane. Miezi hiyo hakuna taa wala nyimbo, na yeye anaingia ndani mapema. Nilikuwa nimeandika, katika ile insha ya mwaka juzi, kwamba kuna majira ambapo huzuni inamzidi na hawezi hata kukaa nje. Nilikuwa nimeihesabu miezi vizuri. Sababu ndiyo sikuiuliza.

Wapo watakaosema ninafuta mateso. Mama mkubwa alimzika mume wake ng'ambo ile, na mtoto mmoja. Kuna usiku namsikia nyuma ya pazia na ninajifanya nimelala, naye anajua kuwa ninajifanya. Hayo yapo na yaandikwe, na atakayeyaandika ayaandike vizuri. Ninachosema ni kwamba mama huyu anayelia usiku ndiye yule anayekasirika jioni kwa sababu ya harage moja la njano, na anayemwandika wa kwanza bila wa pili amemwandika mtu mwingine.

Jana nilimsomea hii. Nilisoma pia zile kurasa za Stefania, nikimtafsiria kutoka kwenye madondoo yangu. Alisikiliza ungo ukiwa mapajani. Mwisho alikuwa na mambo mawili. La kwanza, vikopo si vitano, ni sita. Nilibisha, nikasema nimevihesabu. Akanionyesha: kidogo, kimewekwa nyuma ya mguu wa kiti, cha maharage ambayo hajui ayaweke wapi.

La pili lilikuwa juu ya kitabu. Alitaka kujua yule mama wa Nyamata alipandaka mtama gani, mwekundu ao mweupe, maana wanapukuchuliwa tofauti. Nikasema sikumbuki.

"Haukuandika?"

Sikuandika, na kitabu nilikuwa nimekwisha kukirudisha kwa mwenyewe, Kamembe juu. Akaniambia kesho nikipanda huko nikaangalie, na nikirudi nimletee kilo moja, lakini nisichukue kwa yule mama wa mlangoni, yake ni mekundu matupu.